Mombasa, Kilifi au Kwale: mtaji wako uutie kaunti gani?

Mtu akija Pwani na pesa za kuanzisha biashara, awe ametoka Nairobi, Kampala au Muscat, huanza kwa kuuliza ni kaunti gani yenye uchumi mkubwa. Jibu halina utata: Mombasa. Katika hesabu za pato la kaunti zinazotolewa na Shirika la Taifa la Takwimu (KNBS), Mombasa huwa miongoni mwa tano za juu nchini, safu moja na Nairobi, Kiambu na Nakuru. Kilifi na Kwale ziko nyuma sana.

Tatizo ni kwamba jibu hilo halimsaidii mwenye mtaji. Kazi za bandari zinahesabiwa kuwa pato la Mombasa, ijapokuwa mzigo wenyewe hulala hapa siku chache tu kisha ukaenda kutajirisha watu kwingine. Kaunti inaweza kuwa na pato kubwa na bado ikakosa kiwanja cha ekari mbili chenye maji na njia ya kupitisha trela. Mimi naona heri mtu ajiulize: biashara yangu haiwezi kukosa nini? Kaunti hizi tatu zinapakana, na kila moja inaishi kwa kitu cha mwenzake. Mombasa ina bandari, lakini maji yake yanatoka kwa jirani na ardhi yake imekwisha. Kilifi ina ardhi, chokaa, chumvi na mto Sabaki, ila soko lake kubwa liko ng'ambo ya daraja la Nyali. Kwale ina fukwe, mashamba na mpaka wa Tanzania, na kwa miaka mingi ilikuwa ikisubiri feri.

Yaliyo sawa kila mahali

Tumalize kwanza yale ambayo hayana tofauti, maana watu hupoteza muda hapo. VAT ni asilimia 16 ukiwa Kisauni au Kinango. Kodi ya faida ya kampuni ni asilimia 30 kila mahali, ushuru wa forodha ni wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na bei ya umeme wa Kenya Power haibadiliki ukivuka Mtwapa. Umeme ukikatika, hukatika pia bila kuuliza kaunti.

Kinachobadilika ni kile ambacho Katiba ya 2010 iliwaachia magavana: leseni ya biashara, kodi ya viwanja, ada za masoko na maegesho, ushuru wa mazao, mchanga na kokoto. Kila kaunti hupitisha sheria yake ya fedha kila mwaka, na viwango hupanda na kushuka kwa kufuata siasa za bunge la kaunti. Isome ya mwaka huu kabla hujatia saini mkataba wa pango. Biashara ya kubeba mchanga au machungwa kutoka kaunti moja hadi nyingine inaweza kutozwa njiani zaidi ya mara moja, licha ya kwamba Ibara ya 209 ya Katiba inakataza kaunti kutoza kwa namna inayozuia bidhaa kuvuka mipaka. Dereva wa lori hana wakili kwenye kizuizi cha barabara, kwa hiyo hulipa akaenda zake.

Afueni ya kodi ipo katika maeneo mawili ya kisheria, na yote mawili yanapatikana Pwani. Kampuni iliyosajiliwa EPZ, yaani inayotengeneza bidhaa za kuuza nje, hailipi kodi ya faida kwa miaka kumi ya mwanzo, kisha hulipa asilimia 25 kwa kumi inayofuata. Iliyo ndani ya ukanda maalum wa kiuchumi hulipa asilimia 10 kwa miaka kumi na 15 kwa kumi inayofuata. Hizo ni tofauti nzito, ila zinamfaa mwenye kiwanda. Mwenye duka la vipuri hazimhusu.

Mombasa: bandari na deni lake

Nguvu ya Mombasa haiishii kwenye meli. Mwaka 2024 bandari ilivuka kontena milioni mbili kwa kipimo cha futi 20 kwa mara ya kwanza. Ule mzigo unaopita kwenda nchi jirani sehemu yake kubwa ni wa Uganda, kisha Sudan Kusini, Kongo na Rwanda. Nyuma ya namba hizo kuna watu: mawakala wa forodha, mafundi wa kreni, madereva, wapimaji mizigo, benki zinazojua kumfungulia mtu malipo ya bidhaa ambazo bado ziko Guangzhou, mawakili wa mambo ya bahari, mafundi wa majokofu ya kontena. Ujuzi huo hauhami kwa amri. Mfanyabiashara anayeingiza mzigo na ambaye mzigo wake hukwama mara kwa mara anajua thamani ya kuwa hatua chache na meza ya forodha, kwa kuwa kila siku ya kuchelewa ina malipo yake.

Halafu kuna chai. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956 ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969, na mpaka leo chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na nchi nyingine kadhaa huuzwa hapa kila wiki, kwa dola. Wenyeji wengi hawajui ukubwa wa kazi hiyo kwa sababu haina kelele: imefichika ndani ya magodauni ya Shimanzi na Changamwe, ambako chai huonjwa, huchanganywa, hufungwa na kupakiwa. Mtu anayetengeneza mifuko ya karatasi, pallet za mbao au anayetoa huduma ya kufukiza wadudu anaweza kuishi kwa chai bila kuwahi kumiliki mchai hata mmoja.

Lakini nguvu hii ina waya uliofungwa mbali. Pakistan ndiyo mnunuzi mkubwa wa chai inayouzwa hapa. Ilipokosa dola mwaka 2023, Shimanzi ilihisi. Mwezi Machi 2025 Sudan ilisimamisha bidhaa kutoka Kenya kwa sababu za kisiasa, na chai ikawa ya kwanza kuumia. Vilevile viwanda vya nguo vya EPZ vinavyouza Marekani vinategemea AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 inayoingiza bidhaa za Afrika huko bila ushuru, ambayo uhai wake huamuliwa Washington. Ukifanya biashara na watu hawa, soma habari za nje kabla ya za kaunti.

Udhaifu mkubwa wa Mombasa kwa maoni yangu ni huu: bandari iko Mombasa, lakini haimilikiwi na Mombasa. Inaendeshwa na Mamlaka ya Bandari, shirika la serikali kuu, na tumeshaona maana yake. Reli ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017. Baada ya hapo ikaja amri kwamba mizigo ya bara isafirishwe kwa reli na kutolewa kwenye bandari kavu ya Embakasi, baadaye na Naivasha. Mayadi ya kontena Mombasa yakabaki matupu, matrela yakaegeshwa, mama wa chakula Changamwe na Miritini wakakosa wateja, na mwaka 2019 watu waliandamana barabarani wiki baada ya wiki. Tarehe 13 Septemba 2022, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa. Biashara zilizokuwa na pumzi zilirudi. Nyingine zilikuwa zimeshauza magari. Amri ya kwanza ilitoka Nairobi na ya pili ikatoka Nairobi. Anayekuja kununua yadi ya kontena leo aiweke hatari hiyo kwenye hesabu zake, aweke na akiba ya kumwezesha kukaa mwaka mzima bila mzigo.

Ardhi ni kisa kingine. Kaunti nzima ina kilomita za mraba 220 hivi, ndogo kuliko zote 47, na sensa ya 2019 ilikuta humo watu 1,208,333, karibu 5,500 kwa kila kilomita ya mraba. Kilifi na Kwale zina watu kama 116 na 105 kwa eneo hilohilo. Zaidi ya uhaba kuna utata wa umiliki uliotokana na sheria za ardhi za mwambao tangu enzi ya Waingereza: wenye ardhi wasioonekana, wakazi wa miaka hamsini wasio na karatasi, na ule utaratibu wetu wa nyumba bila ardhi, ambapo wewe una kuta na paa, mwenzako ana udongo, na kila mwezi unampelekea kodi ya kiwanja. Kwa kuishi, watu wameuzoea. Kwa biashara unauma, kwani benki haitaki dhamana ya kuta zisizo na udongo. Shamba la Waitiki kule Likoni, ekari 930, lilihitaji serikali ilinunue ndipo wakazi waanze kupewa hati Januari 2016. Mgeni akiambiwa kiwanja cha Mombasa ni cha bei ya kutupa, aulize mara tatu.

Na maji. Mombasa haina chanzo kikubwa hata kimoja cha maji matamu ndani ya mipaka yake. Yanatoka Mzima, Taita Taveta, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200. Yanatoka Baricho kwenye kingo za Sabaki, Kilifi. Yanatoka Marere na Tiwi, Kwale. Jirani akiwa na ukame, au bomba likipasuka kokote njiani, kisiwa kinanunua maji ya boza na mikokoteni ya madumu inafanya faida. Visima vingi vya mjini vina chumvi. Kwa ofisi ya wakala wa forodha, hili ni kero tu. Kwa kiwanda cha juisi, dobi wa mahoteli au mtu wa kusindika samaki, ni sababu tosha ya kuangalia kaunti nyingine.

Msongamano wa daraja la Nyali, lililojengwa mwaka 1980, sina haja ya kuueleza. Anayeishi Kisauni na kufanya kazi mjini ameshaufanyia mahesabu yake ya alfajiri.

Kilifi: ardhi ipo, uliza njia

Kilifi ni kubwa (kilomita za mraba zaidi ya 12,000, watu 1,453,787 kwa sensa ya 2019), na kosa la kwanza ni kuizungumzia kana kwamba ni mahali pamoja. Ina uchumi tatu zisizosalimiana.

Wa kwanza uko kwenye barabara kuu ya Nairobi, kuanzia Mazeras hadi Mariakani na kupanda Kaloleni. Huu ndio ukanda wa viwanda: mabati, chuma, saruji. Hapa ndipo ningemwelekeza mtu wa kiwanda kizito. Mariakani iko kama kilomita 35 tu kutoka bandarini, juu ya barabara ileile inayopita kila trela la Afrika ya kati, na ardhi inapimwa kwa ekari. Mjini ungeipima kwa futi. Kuna faida nyingine isiyosemwa sana: mzigo mwingi wa Mombasa hupanda bara, kwa hiyo matrela mengi huteremka matupu, na dereva anayerudi mtupu hukubali nauli ya chini. Anayetoa malighafi bara na kuitengeneza Mariakani anafaidika na hilo kila wiki. Tahadhari ni moja: mpaka wa Kilifi na Kwale unakimbia karibu sana na barabara kuu maeneo hayo. Hakikisha karatasi za kiwanja zinasema ni kaunti gani, usije ukadaiwa leseni na magavana wawili.

Uchumi wa pili ni wa pwani ya kaskazini, Mtwapa hadi Kilifi mjini. Vipingo kuna mkonge wa zamani, kiwanda cha saruji na eneo maalum la kiuchumi la binafsi; Kilifi mjini kuna Chuo Kikuu cha Pwani na kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI na Wellcome kilichoanza mwaka 1989. Kituo hicho kimeleta kitu adimu kwa mji mdogo, nacho ni wapangaji wanaolipa kwa wakati mwaka mzima, iwe msimu wa watalii au sivyo. Mtu anayetaka kujenga nyumba za kupangisha, hospitali ndogo, maabara au mkahawa mzuri, Kilifi mjini pana uthabiti ambao Malindi haina. Njia ndiyo shida. Barabara ya Mombasa hadi Kilifi imekuwa kwenye ujenzi wa kupanuliwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, na kipande cha Mtwapa kinajulikana kwa kula saa za watu. Unaponunua kiwanja kando yake, angalia kwanza alama za akiba ya barabara.

Uchumi wa tatu ni Malindi na Magarini. Malindi iliijenga hali yake juu ya watalii na wakazi wa Kiitaliano, na ukitaka kujua kuegemea soko moja kunavyofanya, angalia mji huo mwaka 2020, Italia ilipofungwa kwa korona. Magarini ni habari nyingine kabisa. Mabwawa ya chumvi kati ya Gongoni na Marereni yanatoa sehemu kubwa ya chumvi inayoliwa Kenya, kwa jua na upepo wa bure. Langobaya, upande wa Malindi, kumejengwa kituo cha umeme wa jua cha megawati 40. Na huko Ngomeni, kwa wanaopenda visa, Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa lililo baharini tangu mwaka 1967, ila hiyo haijawahi kumpa mvuvi wa Ngomeni bei nzuri ya samaki.

Sasa korosho, ambayo naitaja kwa sababu kila mgeni anayeiona mikorosho ya Kilifi huja na wazo lilelile. Kilifi ilikuwa na kiwanda kikubwa cha korosho kilichoanzishwa miaka ya 1970. Kikafa miaka ya 1990. Mwaka 2009 serikali ikapiga marufuku kuuza nje korosho ghafi, ikitumaini viwanda vya ndani vitachipuka. Mikorosho mingi ilikuwa imezeeka, wakulima wakawa wamekatishwa tamaa na bei, na mnunuzi anayekuja na pesa taslimu shambani humshinda mwenye kiwanda anayelipa baada ya miezi miwili. Kwa hiyo malighafi kuwa mlangoni si dalili kwamba itaingia mlangoni. Mwenye kutaka korosho, maembe au nazi aanze na mtandao wa kununua na fedha ya kulipa siku hiyohiyo. Mashine ziagizwe baadaye.

Kuhusu ardhi, Kilifi ina utata wake, tofauti na wa Mombasa. Mashamba makubwa yana wenyewe wa karatasi na wakazi wa kizazi cha nne juu yake. Ardhi ya kilimo ikiuzwa bila kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, mauzo hayo ni batili kisheria, hata kama umelipa yote na mmepeana mikono mbele ya mzee wa kijiji. Kagua hati kwenye ofisi ya ardhi, kisha nenda shambani ukakae chini ya mwembe uulize nani amezikwa hapa. Makaburi yatakwambia yale ambayo karatasi haikuandika.

Kwale: kaunti iliyopata barabara

Kwale ina watu 866,820 kwa sensa ya 2019, na kwa muda mrefu mtaji ulipokuwa ukiitazama ulikuwa unatazama feri ya Likoni. Lori la kuku kutoka Ukunda, wagonjwa, watalii wa Diani wenye ndege saa kumi: wote kwenye foleni moja. Hilo limebadilika zaidi ya linavyozungumzwa mjini. Barabara ya Dongo Kundu ilikamilika na kufunguliwa kwa magari mwaka 2024, ikivuka maji kwa madaraja, ikiwamo lile la Mteza lenye zaidi ya kilomita moja, na sasa gari linatoka Kwale hadi Miritini, jirani na stesheni ya SGR na uwanja wa ndege, bila kugusa kisiwa wala feri. Ukiwa na makadirio ya biashara ya Kwale yaliyoandikwa kabla ya hapo, yachane.

Barabara hiyo ndiyo inayofanya eneo maalum la Dongo Kundu, ekari 3,000, liwe la kuangaliwa kwa makini. Kisheria eneo lenyewe liko Mombasa, upande wa Likoni, lakini wafanyakazi, mboga, nyumba na mchanga vitatoka Kwale. Mradi wa hifadhi ya gesi ya kupikia ulizinduliwa huko Februari 2023. Mwenye mtaji wa kati, asiyeweza kuingia ndani ya eneo lenyewe, angefikiria kukaa nje ya geti: nyumba za wafanyakazi Ngombeni au Matuga, karakana ya matrela, jiko la kupika chakula cha mamia ya watu.

Udhaifu wa Kwale ni kwamba mihimili yake ni michache na mmoja umeshang'oka. Mgodi wa madini ya titani karibu na Msambweni ulianza kusafirisha mwaka 2014 na kufunga uchimbaji Desemba 2024, mchanga wenye madini ulipokwisha. Kwa miaka kumi kampuni hiyo ilikuwa mteja wa madereva, mafundi, wauza vyakula na wenye nyumba za kupanga kuanzia Ukunda hadi Msambweni. Anayenunua jengo la kupangisha maeneo hayo sasa asikubali hesabu za kodi za 2022. Kilima cha Mrima kina madini mengine ya thamani, na kila baada ya miaka michache husikika kwamba mambo yako tayari. Leseni ya kwanza ya kuchimba ilifutwa mwaka 2013 na kesi ikaishia kwenye mahakama ya usuluhishi ya kimataifa. Sitamshauri mtu yeyote atie pesa kwa kutegemea Mrima.

Sukari ina historia ya namna hiyo. Kiwanda cha Ramisi kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na eneo likakaa karibu miongo miwili kabla ya mwekezaji mpya kuja kupanda miwa tena.

Diani ndiyo mhimili uliobaki imara. Ina ufukwe mweupe, kiwanja cha ndege cha Ukunda kinachopokea safari za moja kwa moja kutoka Nairobi, na wageni wa ndani ambao hujaza vyumba Krismasi na Pasaka hata Wazungu wasipokuja. Mahoteli yananunua mayai, samaki, matunda na mboga kila siku, na sehemu kubwa ya mboga hizo bado inatoka Kongowea, soko kubwa la Mombasa, maana yake inatoka bara. Hapo ndipo pengo lilipo. Mkulima wa Kwale mwenye maji ya kisima na nyumba ya kivuli anaweza kuuza mchicha, nyanya na pilipili hoho kwa mpishi wa Diani kabla basi la Nairobi halijafika Voi. Masharti ya hoteli ni mawili: usipungukiwe na usikatize. Malipo huja baada ya siku 60 au zaidi, nayo ndiyo huwaua wengi.

Machungwa na nazi za Shimba Hills ni nzuri, lakini zinashindana na machungwa ya Muheza yanayoingia kwa malori kupitia Lunga Lunga. Mpaka huo una kituo cha pamoja cha forodha na Horohoro, hivyo kuvuka si kugumu kama zamani. Siasa ndizo hubadilika. Mwezi Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayozuia wageni kufanya aina 15 za biashara ndogo, ikiwamo ile ya jumla na rejareja, amri iliyowagusa Wakenya wenye vibanda upande wa pili. Kwa hiyo bidhaa zivuke mpaka kwa mnunuzi wa upande wa pili. Duka lako, la jumla au la rejareja, liwe upande wako.

Kinango, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kaunti kwa eneo, ni nchi ya mifugo na ukame. Bwawa la Mwache linajengwa huko, na likijaa litabadilisha hesabu za maji za Mombasa na Kwale zote mbili. Kwa sasa anayetaka Kinango awe mtu wa mbuzi, ng'ombe na ghala la chakula cha mifugo, si mtu wa umwagiliaji.

Basi, nani aende wapi?

Mwingizaji wa vipuri, vitenge, magari ya mtumba au vifaa vya ujenzi abaki Mombasa. Atalia na pango la duka, lakini atakuwa karibu na forodha, benki na wanunuzi wa rejareja wa Kongowea, Mwembe Tayari na mtaa wa Biashara. Asinunue jengo, apange. Mtaji wake ukae kwenye bidhaa zinazozunguka.

Mwenye kiwanda cha kitu kizito au kinachohitaji nafasi, Mariakani na Mazeras, akiwa na ofisi ndogo mjini ya kufuatilia mizigo. Kama bidhaa zake zote zinauzwa nje, aulize kwanza nafasi EPZ au Dongo Kundu, maana miaka kumi ya afueni ya kodi inaweza kulipia tofauti ya pango mara kadhaa.

Mwenye pesa za nyumba za kupangisha, Kilifi mjini mbele ya Malindi, na Matuga mbele ya Msambweni.

Mtu wa vyakula, anayeweza kusubiri malipo, aende Kwale. Mtu wa vyakula asiyeweza kusubiri auze Kongowea alfajiri, alipwe taslimu, hata kama bei ni ya chini.

Kazi inayokunywa maji mengi isiingie Mombasa kabisa bila kisima kilichopimwa chumvi na mkataba wa maboza. Kuna watu wamejenga kwanza, wakapima baadaye.

Na kwa wale wanaoulizia utalii: kama ni chumba, Diani. Kama ni huduma kwa wenye vyumba, yaani dobi, barafu, usafiri, matengenezo ya majokofu na mabwawa ya kuogelea, kaa Ukunda au Mtwapa, wafuate wote wawili, wa hoteli na wa nyumba za kukodi, na utembelee eneo lako mwezi Mei, mvua za masika zikiwa zimeshika na vyumba vikiwa vitupu. Ukiona mteja bado anakupigia mwezi huo, lipa amana.